Kabla Hujabandika Marumaru Juu ya Rangi

Kwenye mfuko wangu wa vifaa natembea na marumaru moja ambayo sitaibandika popote. Ni nyeupe, sentimita 25 kwa 40, haina ufa wala kona iliyomeguka. Ilidondoka kutoka ukuta wa bafu la shangazi yangu kijijini Chole, usiku wa manane, pamoja na nyingine kumi na tatu, kwa kishindo kilichomfanya adhani kabati la vyombo limeanguka. Ukiigeuza utaona saruji imeishika barabara, imejaa kona hadi kona. Juu ya saruji hiyo kumetanda ngozi ya rangi ya mafuta, ya kijani, inang'aa kama iliyopakwa jana. Ukiisogeza karibu na jicho unaona hata unywele wa brashi ulionasa siku ukuta ulipopakwa. Saruji haikuachia, marumaru haikuachia. Iliyoachia ni rangi.

Fundi aliyeibandika hakuwa mvivu. Mistari yake ilinyooka na pembe zake zilikaa. Alikosea jambo moja: alidhani anabandika ukutani, kumbe anabandika kwenye rangi. Mwongozo huu unahusu zile siku ambazo zilipaswa kutangulia, kabla boksi la kwanza la marumaru halijafunguliwa.

Nazungumza na wewe uliye Chole ya Kisarawe, si ile ya Mafia, ingawa zote ni za mkoa wa Pwani. Nazungumza pia na wa Maneromango, Mzenga, Masaki, na popote pale ambapo nyumba ilijengwa kidogo kidogo, ikapigwa lipu mwaka mmoja, ikapakwa rangi mwaka mwingine kwa ajili ya harusi au Idi, na sasa mwenye nyumba amejaliwa kuweka marumaru bafuni au jikoni. Zamani marumaru zilikuwa bidhaa ya meli. Siku hizi mkoa wetu wenyewe una viwanda vikubwa, Goodwill kule Mkuranga na Keda kule Chalinze, na maboksi ya marumaru ni mzigo wa kawaida juu ya Fuso zinazoingia vijijini. Bidhaa imetufikia mapema kuliko maarifa ya kuiandalia ukuta.

Tuanze na mzani, maana ndio unaowashtua watu. Marumaru ya kawaida ya ukutani, yenye unene wa milimita 8, ina takriban kilo 16 kwa mita moja ya mraba. Ukiibandika kwa saruji na mchanga wa unene wa sentimita moja, unaongeza kilo 20 hivi. Sasa chukua bafu la mita 2 kwa mita 1.5, toa mlango, panda hadi usawa wa mita 1.5. Unapata mita 9 na kitu za mraba, na mzigo wa zaidi ya kilo 300 umening'inia. Hiyo ni mifuko sita ya saruji na ziada. Mifuko sita ya saruji, imetundikwa kwenye ngozi ya rangi nyembamba kuliko karatasi ya daftari.

Kwa hiyo, kabla ya yote, ujue ukuta wako ni wa nini. Huku kwetu nyumba za namna mbalimbali zinakaa uwanja mmoja. Kuna ya tofali za saruji. Kuna ya tofali za kuchoma. Na kuna ya miti na fito iliyokandikwa udongo, kisha ikavishwa lipu nyembamba ya saruji na kupakwa rangi, mgeni akikaa sebuleni hawezi kujua. Hii ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Udongo ukinywa maji hujaa, ukikauka hunywea, nayo lipu ya saruji haiwezi kuufuata mwendo huo. Lipu hiyo inashika kwa shida hata ikiwa peke yake. Ukiitwisha marumaru, unaharakisha tu siku ya kubanduka.

Nenda nyuma ya mlango au chini ya dirisha, mahali jicho lisipofika, ukwangue tundu la ukubwa wa sarafu hadi uipite lipu. Ukikuta unga wa kijivu na mlio mgumu, ni tofali ya saruji. Ukikuta vumbi jekundu lisilokubali ukucha, ni tofali ya kuchoma. Ukikuta udongo unaochimbika kwa kidole, simama hapo hapo. Kwa ukuta wa udongo ushauri wangu ni mmoja na sitaulainisha: usiutwishe marumaru. Kama bafu ni lazima liwe na marumaru, jenga kwa ndani ukuta wa tofali za inchi 5 wenye msingi wake, hadi usawa wa kifua, marumaru zikae huko. Chumba kitapungua upana, lakini mzigo utakuwa na wa kuubeba. Ukiona gharama ni kubwa, weka marumaru sakafuni peke yake na kuta uzipake rangi nzuri. Hakuna aibu katika hilo.

Ukuta ukishakubali, geukia rangi. Nyumba nyingi za kwetu zina desturi moja: nusu ya chini ya ukuta hupakwa rangi ya mafuta, ya kijani, ya kahawia au ya bluu, ili mikono ya watoto na matope yafutike. Nusu ya juu hupakwa rangi ya maji au chokaa. Maana yake ukuta mmoja una sura mbili zenye tabia tofauti, na marumaru za bafuni huuvuka mpaka huo katikati kabisa. Ukipima juu peke yake, chini kutakudanganya. Pima kote.

Chokaa ni rahisi kuitambua. Pitisha kiganja, kikitoka cheupe, umeshajua. Nyumba nyingine za zamani zilipakwa udongo mweupe badala ya chokaa, nao hujitambulisha vivyo hivyo. Wilaya yetu ina utajiri wa udongo huo: vilima vya Pugu vina kaolini, ambayo viwandani hutiwa kwenye vigae na hata kwenye rangi. Ni malighafi nzuri, lakini ikiwa vumbi ukutani haishiki chochote.

Kwa rangi nyingine, lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, usugue mahali pamoja kwa nguvu muda wa dakika moja. Rangi ikilainika na kuhamia kitambaani, ni ya maji. Isipohama, ichukulie kuwa ni ya mafuta. Kisha rushia ukuta matone ya maji. Ukuta ukiyanywa na kuacha doa jeusi, vinyweleo vyake viko wazi na saruji itapata pa kuingia. Matone yakisimama duara kama umande kwenye jani la magimbi, hapo hakuna pa kuingia. Saruji hushika kwa kupenyeza uji wake kwenye vinyweleo na kukaukia humo. Palipozibwa, hukaa juu kama sinia juu ya meza.

Kuna mtihani wa wembe na tepu ambao watu wanaupenda. Unachora mistari sita hivi, unaikatisha na mingine sita, unapata vijumba vya milimita 2 au 3. Unabandika tepu pana ya kufungia maboksi, unaikandamiza kwa kidole gumba, kisha unaivuta kwa mkupuo mmoja. Vijumba vikitoka na tepu, rangi hiyo imekwisha na lazima iondoke. Lakini visipotoka usishangilie. Rangi ya mafuta huufaulu mtihani huu ukuta ukiwa mkavu, halafu ikashindwa miezi kadhaa baada ya marumaru kubandikwa. Bafu la shangazi lilikaa karibu mwaka mzima.

Sababu yake wanaijua akina mama wanaotengeneza sabuni. Ukichanganya mafuta na kostiki, mafuta yanageuka sabuni. Saruji mbichi nayo ni kali kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana inamchubua fundi vidole. Rangi ya mafuta, kama jina lake, imeundwa na mafuta. Ikikutana na ukali wa saruji na unyevu wa bafuni, inaanza kugeuka sabuni taratibu, kwa nyuma, mahali usipopaona. Kwa nje marumaru zinang'aa, kwa ndani utelezi unaenea. Siku moja mlango unabamizwa, au hata haubamizwi, na ukuta unajivua.

Bado kuna adui mmoja anayejificha chini ya rangi, naye ni skimu. Nyumba zilizopendezeshwa miaka ya karibuni zimepigwa skimu nyeupe laini ili rangi ikae vizuri. Kwangua kidogo upate unga wake, uutie kwenye kifuniko cha chupa na maji. Ukilainika ukawa uji, huo ni wa jipsamu au chokaa na hauwezi kubaki. Jipsamu na saruji hazipatani palipo na unyevu: zikigusana hutengeneza chembe zinazovimba na kusukuma kilicho juu yake. Waingereza, ambao kuta zao nyingi hupigwa lipu ya jipsamu iliyo nene na imara, wamejiwekea kikomo cha kilo 20 kwa mita ya mraba juu ya lipu hiyo, gundi ikiwemo. Sisi kwa saruji na mchanga tumeshafika 36, na skimu yetu ni milimita moja au mbili tu.

Unyevu nao upimwe sasa, kabla ya kubomoa chochote. Bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa sahani ukutani, uzibe kingo zote kwa tepu, ukiache siku mbili bila mtu kuoga humo. Ukikuta jasho upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Tafuta yanakotoka: bomba linalovuja, maji ya mvua yanayorukia msingi kwa nje, au ardhi yenyewe inayopandisha unyevu kwenye ukuta usio na nailoni ya msingi. Ukiona ungaunga mweupe wenye ladha ya chumvi karibu na sakafu, hiyo ni dalili ya kupanda kwa unyevu. Marumaru hazitibu ugonjwa huo. Zinaufunika hadi uwe mkubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo chagua majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, lipu haikauki sawasawa na gari la saruji linaweza kulala njiani. Vuli, Oktoba hadi Desemba, kuna afadhali kidogo. Mimi napenda Juni hadi Septemba. Ukuta umekauka, na kama kuna unyevu hata miezi hiyo, ujue ni wa kudumu na unahitaji dawa yake.

Sasa kazi yenyewe. Zima meni swichi kabla ya kumwaga maji au kupiga tindo karibu na soketi. Umeme wa vijijini umeingia kwenye nyumba ambazo waya zake zilipitishwa ndani ya lipu baadaye, wakati mwingine kwa kina cha kidole kimoja tu, na tindo haijui kuchagua. Fungua taa na soketi za ukuta huo, funga nyaya kwa tepu, ndipo uanze.

Ukiwa na chokaa, lowesha ukuta, ngoja robo saa, kwangua, osha kwa brashi ngumu, rudia mpaka kiganja kikipita kisitoke cheupe. Basi, hakuna la zaidi. Rangi ya maji nayo iloweshe mara mbili, uiache inywe, halafu uikwangue kwa kikwangulio kipana. Iliyochoka itatoka kwa vipande vikubwa kama ganda la muhogo uliochemshwa. Inayogoma, iachie tindo. Skimu yote iondoke, hata ile inayoonekana nzuri.

Rangi ya mafuta ndiyo inayokula siku. Usiichome kwa moto, maana moshi wake ni sumu. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Lowesha kwanza, tandika turubai, kusanya magamba yote uyafukie mbali na kisima na bustani, na watoto wakalale kwa jirani siku hizo. Vumbi la saruji lenyewe pia hukaa kwenye mapafu na halitoki. Barakoa na miwani si mapambo ya mjini. Dawa za kuyeyushia rangi siziafiki kwenye ukuta utakaobandikwa marumaru, kwa sababu huacha utelezi ndani ya vinyweleo vya lipu, na utelezi ndio tunaoukimbia.

Kinachobaki ni kuudonoa ukuta. Chukua tindo yenye ncha kali na nyundo ya kilo moja. Usiisimamishe tindo wima kama unayetoboa. Ilaze kidogo, ili kila pigo ling'oe gamba la rangi pamoja na lipu kidogo, na kuacha kishimo chenye kingo kali, kina cha milimita 3 hadi 5. Uone kijivu cha lipu chini, siyo kijani kilichokwaruzwa. Kutoka kishimo hadi kishimo pasizidi upana wa kidole gumba. Anzia juu ushuke, ili vumbi lisijaze ulikokwisha kupita. Mapigo yawe mafupi, ya kifundo cha mkono. Ukitumia bega, utavunja lipu nzuri na kesho hutanyanyua kikombe.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo. Fundi aliyechoka hupiga vishimo vitano au sita kwenye eneo la marumaru moja, akasema ukuta umedonolewa. Vishimo hivyo vitashika, lakini kila kilichobaki kati yake ni rangi, na hesabu ya uzito inaangukia vishimo hivyo peke yake. Mimi hutaka kinyume chake: lipu ndiyo iwe bahari, rangi iwe visiwa vidogo vya kuhesabika. Giza likiingia, weka tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukipita sambamba nao. Kila kishimo kitatoa kivuli. Palipo na eneo la ukubwa wa kiganja lisilo na vivuli, zungushia mstari wa mkaa, asubuhi urudi hapo. Ukiwa na grenda, utapiga mistari ya kukatizana haraka zaidi, lakini bado malizia kwa tindo, na vumbi lake ni mara nyingi zaidi, kwa hiyo ukuta ulowe kwanza na grenda iwe mbali na maji yanayotiririka.

Wakati unapiga, sikiliza. Lipu iliyoshika hutoa mlio mkavu, mfupi. Lipu iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu. Ukisikia mlio huo, usiupite. Bomoa hapo mpaka ufike kwenye kingo zenye mlio mgumu. Kama theluthi ya ukuta inalia, acha kudonoa, angusha lipu yote upige mpya. Utaona kama hasara, lakini siku mbili za kudonoa lipu mbovu ni hasara kubwa zaidi, na kwa rangi ya mafuta iliyopakwa mara tatu nne, kuangusha lipu mara nyingi ndiyo njia fupi.

Kazi hii mlipane mbali na ile ya kubandika. Fundi wa marumaru hulipwa kwa mita ya mraba iliyobandikwa. Siku anazodonoa hazipo kwenye mita hizo, kwa hiyo kila kishimo anakipiga kwa hasara yake. Tusimlaumu akipiga vitano. Mwambie mapema: "Fundi, tupatane kazi mbili. Ya kuandaa ukuta nitakulipa kwa siku, nikishaukagua kwa tochi ndipo tuhesabu mita." Mafundi wazuri huyapokea maneno hayo kwa furaha. Bafu la mita 9 lenye rangi ya mafuta, mtu mmoja kwa mkono, humalizika kwa siku moja na nusu hadi mbili.

Ukuta ukishadonolewa, uoshe. Vumbi lililokaa kwenye vishimo ni rangi nyingine usiyoiona. Brashi ngumu kwanza, kisha maji, kisha brashi tena. Pale penye mafuta ya kupikia, kama jikoni, tumia maji ya moto na sabuni ya unga, halafu usuuze mara mbili, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo ni utelezi. Maji yawe ya kunywa au yanayokaribia. Kisima chenye chumvi kitakurudishia ungaunga mweupe kwenye viungo vya marumaru.

Mashimo makubwa na sehemu zilizobomolewa zipigwe lipu, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga. Mchanga upimwe kwa chupa: jaza nusu, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tabaka la matope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe mchanga wote. Kabla ya lipu lowesha ukuta, kisha pakaza uji wa saruji kwa brashi, na lipu ifuate uji huo ukiwa bado mbichi. Nasisitiza mbichi, kwa sababu wengine hupaka uji asubuhi, wakaenda kunywa chai, wakarudi umekauka. Uji uliokauka ni ngozi nyingine, na tumerudi kule kule kwenye rangi ya kijani. Lipu isizidi milimita 15 kwa mkono mmoja. Inyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kisha uiache. Saruji hupimwa nguvu zake ikiwa na siku 28, na katika siku hizo hunywea kidogo kidogo. Wiki nne ndiyo haki yake; wiki mbili ndiyo uchache ninaoweza kuukubali kwa mtu mwenye harusi mlangoni.

Ukuta uliodonolewa bila kupigwa lipu mpya hauhitaji kungoja hivyo. Ukikauka vumbi likatoka, upime kunyooka. Weka mbao iliyonyooka ya mita 2, wima, kwa ulalo na kwa mshazari. Kwa saruji na mchanga, pengo la milimita 10 linafidika. Kwa gundi ya marumaru, ambayo hutandazwa nyembamba kwa mwiko wa meno, pengo likizidi milimita 3 rekebisha kwanza. Usijaribu kunyoosha ukuta kwa kurundika gundi nyuma ya marumaru. Gundi nene hunywea ikikauka na kuzivuta.

Uchaguzi wa gundi au saruji na mchanga hutegemea pia marumaru. Igeuze, idondoshee maji kwa nyuma. Ikiyanywa mara moja, ni kigae cha kawaida cha ukutani, nacho hunywa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake; saruji na mchanga itakishika. Yakisimama juu, hiyo ni poseleni, inayonywa chini ya nusu asilimia, na saruji ya kawaida haitaishika kamwe. Inataka gundi yake ya mfuko. Kwa saruji na mchanga, loweka vigae mpaka viache kutoa mapovu, uvisimamishe mpaka mng'ao wa maji upotee, na ukuta nao uwe na unyevu bila kumeta. Kwa gundi ya mfuko usiloweke. Fuata maandishi ya mfuko.

Kisha jaribu. Bandika marumaru moja mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye ule mpaka wa rangi ya mafuta na ya maji. Iache siku saba. Halafu ing'oe kwa tindo, uangalie mgongo wake. Ukikuta ngozi ya rangi, rudi kwenye kudonoa. Ukikuta saruji imepasuka katikati, nusu kwake na nusu ukutani, au imekuja na gamba la lipu, ukuta uko tayari.

Kwa shangazi tulifanya hivyo mara ya pili. Tulidonoa siku mbili, tukaangusha lipu ya kona moja iliyokuwa inalia, tukasubiri wiki nne kwa ajili ya kona hiyo, naye akaoga kwa mwanawe muda wote huo bila kulalamika. Marumaru ya majaribio tuliiweka chini ya dirisha. Siku ya saba fundi aliipiga tindo ubavuni, ikagoma. Akapiga tena, ikapasuka vipande vitatu. Cha mwisho kilitoka na lipu ya ukubwa wa kiganja, ya kijivu tupu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Akalitazama lile tundu, akauliza, "Sasa hilo nani atalijaza, mwanangu?" Fundi akachanganya saruji akalijaza. Kesho yake tukapigilia mbao iliyopimwa kwa pimamaji juu ya sakafu, tukaanza mstari wa pili kutoka chini, ule wa kwanza tukauacha wa mwisho ili ukatwe kufuata sakafu.